Nyumba Isiyo na Mlango wa Mbele: Mwongozo wa Kwenda Kwa Medgar na Myrlie Evers

Nyumba namba 2332 iko Margaret Walker Alexander Drive, kaskazini-magharibi mwa jiji la Jackson, jimboni Mississippi, na ni rahisi kuipita bila kuijua. Ni nyumba ya chini, ya vyumba vitatu vya kulala, imejipanga mstari mmoja na nyumba nyingine za rika lake. Haina nguzo wala ngazi za fahari. Punguza mwendo, soma namba, tafuta kibao cha historia. Humo ndimo Medgar Evers na mkewe Myrlie walimolelea watoto wao watatu, na hapo nje, karibu na banda la gari, ndipo Medgar alipopigwa risasi ya mgongo muda mfupi baada ya saa sita usiku, Juni 12, 1963. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Martin Luther King na Malcolm X. Evers hutajwa kwa haraka, tena mara nyingi kama utangulizi wa hao wawili. Kwa hakika aliuawa kabla yao wote, na kazi yake ilikuwa ya aina ambayo kamera huwa haziifuati: kuendesha gari vijijini usiku, kuandikisha wapiga kura, kuandika maelezo ya mashahidi wanaotetemeka. Alizaliwa Decatur, Mississippi, Julai 2, 1925. Alipelekwa Ulaya na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi, na mwaka 1946 yeye na kaka yake Charles pamoja na wenzao walipokwenda kupiga kura mjini kwao walizuiwa na wazungu wenye silaha. Mwishoni mwa 1954 akawa katibu wa kwanza wa kudumu wa NAACP katika jimbo hilo, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Alichunguza mauaji ya Emmett Till, mtoto wa miaka 14, mwaka 1955. Alisimama na mwanafunzi mweusi James Meredith hadi Chuo Kikuu cha Mississippi kilipomfungulia milango mwaka 1962.

Mkenya ana sababu yake ya ziada ya kwenda. Mtoto wa kwanza wa Medgar, aliyezaliwa Juni 1953, aliitwa Darrell Kenyatta Evers. Miezi miwili kabla ya hapo mahakama ya Kapenguria ilikuwa imemhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka saba, na kule Delta ya Mississippi kijana aliyekuwa akiuza bima alisoma habari za Mau Mau na kujiuliza kama njia ile ingewafaa wao. Fikra ya silaha aliiacha, jina akabaki nalo. Bi Myrlie hakufurahia litangulie, akaweka Darrell mbele yake. Juni 1, 1963, Kenyatta mwenyewe akawa Waziri Mkuu wa Kenya. Siku 11 baadaye mtoto yule wa Jackson akabaki yatima wa baba.

Kupanga safari

Tangu Desemba 2020 nyumba iko mikononi mwa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, baada ya sheria iliyopitishwa Machi 2019. Kuingia ni bure. Lakini usifike ukitegemea kukuta pako wazi, maana ndani huingii bila mhifadhi wa kukuongoza, vyumba ni vidogo kwa hiyo na makundi ni madogo, na ratiba hubadilika. Angalia tovuti ya idara hiyo wiki moja kabla, kisha piga simu siku moja kabla ya kwenda. Mkiwa kundi, tuseme chama cha Watanzania wa Texas au kwaya ya Wakongo wa Kentucky, toeni taarifa mapema zaidi na mkubali kugawanywa.

Jackson si jiji la kwenda kwa miguu, na mabasi yake hayatoshi kumbeba mgeni mwenye haraka. Kodi gari au tumia teksi ya kuita kwa simu. Anayetoka Dallas ataifuata barabara kuu namba 20 kuelekea mashariki kwa saa sita hivi. Anayetoka Atlanta ataifuata hiyohiyo kutoka upande wa pili, na muda haupishani sana. Treni ya Chicago kwenda New Orleans nayo husimama Jackson. Ukija kwa ndege utatua kwenye uwanja wenye jina la Medgar Wiley Evers, katika jiji lilelile ambalo mahakama yake ilishindwa mara mbili kumtia hatiani aliyemuua. Kutoka hapo hadi nyumbani kwake ni chini ya nusu saa kwa gari.

Kuhusu majira, Oktoba na Novemba ni miezi ya raha. Machi na Aprili pia, ila uwe na masikio kwenye utabiri wa hewa kwa sababu dhoruba za huko si za mchezo. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 30 na fukuto lake huchosha hata aliyezoea pwani. Beba maji na uende asubuhi. Karibu na Juni 12 tarajia wageni wengi.

Nenda nyumbani kwanza

Watakaokupangia ziara watakuambia uanze na Makumbusho ya Haki za Kiraia ya Mississippi, yaliyofunguliwa Desemba 2017 katikati ya jiji, kisha ndipo uende kwa Evers. Mimi ningekushauri ugeuze. Ndani ya makumbusho imo bunduki yenyewe iliyomuua, aina ya Enfield ya mwaka 1917. Ukishaiona bunduki, nyumba utaifikia ukiwa na macho ya mpelelezi, utatafuta tundu la risasi, utalipiga picha, utaondoka. Ukianza na nyumba utaiona kwanza kama nyumba: mahali palipopikwa, palipofuliwa, palipogombaniwa televisheni. Hicho ndicho kilicholengwa usiku ule, na mgeni asiyekiona huwa ameona tundu tu.

Ukifika, usikimbilie ndani. Omba dakika kumi za kusimama nje.

Jambo la kwanza la kutazama ni jambo ambalo halipo. Nyumba haina mlango wa mbele. Mwenyeji wa Lamu au wa Mji Mkongwe huiweka fahari ya nyumba mlangoni, mbao za nakshi na misumari ya shaba, uso mzima kuelekea njiani ili mpita njia ajue ni kwa nani. Hapa uso umefutwa kwa makusudi. Nyumba za jirani zina milango inayotazama barabara. Medgar na Myrlie walitaka wa kwao uwekwe ubavuni, ndani ya banda la gari, ili mtu akishuka aingie moja kwa moja bila kuonekana kwa muda mrefu kutoka nje. Mgeni aliyepiga hodi kwao alipigia hapo hapo, kando ya gari.

Sasa tazama kiwanja chenyewe. Hawakuchagua cha pembeni, ambacho kingekuwa na njia pande mbili. Walichagua cha katikati, nyumba ikingwe na nyumba. Paa ni la lami na kokoto, gumu kushika moto likirushiwa kitu kinachowaka. Madirisha ya vyumba vya kulala yapo juu. Hayo yote yalifikiriwa na watu wawili waliokuwa wakinunua nyumba yao ya kwanza katikati ya miaka ya 1950, wakati ambapo wengine wangekuwa wanabishana kuhusu rangi ya jiko.

Mtaa nao usiudharau. Ulipimwa na kujengwa na wajenzi weusi, Winston Thompson na Leroy Burnett, ukiwa wa kwanza wa aina yake jimboni Mississippi baada ya vita: viwanja vilivyopangwa vizuri kwa ajili ya Wamarekani weusi wa tabaka la kati. Wakati huo uliitwa Guynes Street. Jina la sasa ni la mshairi na mwandishi wa riwaya Margaret Walker Alexander, aliyeishi nyumba chache kutoka hapo na kutoa riwaya yake Jubilee mwaka 1966. Waliishi humo walimu na watu wa kazi za ofisini, na kwa mwalimu aliyelipwa na serikali ya jimbo kuwa jirani wa katibu wa NAACP halikuwa jambo jepesi. Ajira iliweza kuota mbawa kwa kuonekana tu na watu wa chama hicho.

Kabla ya kuingia, geuka utazame ng'ambo ya barabara. Usiku ule kulikuwa na kichaka upande huo. Muuaji alijificha humo. Utashangaa jinsi ilivyo karibu.

Banda la gari

Mhifadhi atakusimulia usiku wenyewe, na huenda akausimulia vizuri kuliko nitakavyouandika, kwa hiyo nitataja tu yale ya kuyasikiliza kwa makini.

Familia ilikuwa na kanuni: gari likifika, kila mtu ashukie upande wa kulia, ulio karibu na mlango, ili gari liwakinge dhidi ya barabara. Usiku wa kuamkia Juni 12 gari la Myrlie lilikuwa tayari bandani. Medgar akalazimika kuegesha nyuma yake, nje ya paa. Alikuwa ametoka mkutanoni, amechoka kwa wiki kadhaa za maandamano, na akashukia upande wa dereva. Mikononi alibeba fulana za waandamanaji zenye maandishi ya kutaka ubaguzi uondoke. Hapo ndipo alipopigwa.

Mkewe na watoto walikuwa macho. Jioni hiyo Rais Kennedy alikuwa amehutubia taifa kwa televisheni na kuahidi sheria mpya ya haki za kiraia, na watoto waliruhusiwa wasilale hadi baba arudi wazungumze. Walisikia gari, wakasikia mlango wa gari, kisha mlio. Majirani walitoka mbio. Mmoja alifyatua bastola hewani kumtisha aliyejificha. Walimbeba Medgar kwa godoro hadi kwenye gari la jirani, wakamkimbiza hospitali, na huko hakumaliza saa moja. Sheria aliyoiahidi Kennedy ilitiwa saini na Lyndon Johnson Julai 2, 1964, siku ambayo Medgar angetimiza miaka 39.

Ukisimama bandani, pima mwenyewe kwa macho umbali kutoka alipoegesha hadi mlangoni. Ni hatua chache. Usiulize sana habari za damu sakafuni. Wageni huuliza kila mara na sioni kama jibu lina faida yoyote.

Vyumba vya ndani

Chumba cha watoto ndicho ningekuomba ukae nacho zaidi. Magodoro yaliwekwa chini, bila vitanda, ili wanaolala wawe chini ya usawa wa dirisha. Baba yao aliwafundisha mazoezi: wakisikia mlio wa bunduki walale kifudifudi, watambae hadi bafuni, waingie kwenye hodhi la kuogea na kumchukua mdogo wao. Darrell alikuwa wa kwanza, Reena wa pili, na Van, wa mwisho, alikuwa na miaka mitatu tu. Usiku ule, mlio uliposikika, walifanya hivyo hivyo walivyofundishwa. Nenda bafuni ukalitazame hodhi. Ni la kawaida kabisa.

Kisha sebuleni na jikoni. Risasi ilipita mwilini mwa Medgar, ikatoboa dirisha, ikatoboa ukuta unaotenga sebule na jiko, ikagonga friji na kuishia juu ya kaunta. Alama ya ukutani bado inaonyeshwa. Hapa wageni wengi hukaa muda mrefu, na siwalaumu, ila ningependa ufanye jambo moja: rudi sebuleni ufuate mstari wa risasi kwa macho kutoka dirishani hadi jikoni, halafu ufikirie mama mwenye watoto watatu anavyozunguka katika mstari huo kila jioni. Baada ya hapo alama ile itakuwa na maana nyingine.

Samani zinahitaji swali. Mwaka 1996 nyumba ilitumika kupigia picha filamu ya Ghosts of Mississippi, inayohusu kesi ya muuaji, na chuo cha Tougaloo, kilichopewa nyumba na Bi Myrlie mwaka 1993, kiliitunza kama makumbusho madogo kabla serikali haijaichukua. Kwa hiyo si kila kiti unachokiona kilikaliwa na Medgar. Muulize mhifadhi kipi ni cha familia na kipi kimewekwa ili kufanana na wakati ule. Ni swali la heshima, na wahifadhi hulipenda kwa sababu linaonyesha unasikiliza.

Swali jingine zuri: muulize habari za Mei 20, 1963. Siku hiyo Medgar alipata dakika 17 kwenye kituo cha televisheni cha WLBT kumjibu meya wa Jackson. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea, mtu mweusi kuzungumza moja kwa moja na jimbo zima kuhusu haki zake. Aliwaambia watazamaji kwamba mtu mweusi wa Jackson husikia redioni habari za mataifa mapya ya Afrika, anajua kwamba Mkongo anaweza kuendesha garimoshi, na yeye hapo mjini kwake haruhusiwi hata kuendesha gari la taka. Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani asidhani historia hii inamhusu kwa mbali. Kongo ilitajwa katika hotuba iliyomfanya Medgar ajulikane sura katika kila nyumba ya Mississippi, na kujulikana sura kulikuwa na bei. Mei 28, siku ambayo wanafunzi na walimu wa Tougaloo walimwagiwa haradali na sukari na kupigwa wakiwa wamekaa kwenye kaunta ya duka la Woolworth, bomu la petroli lilirushwa kwenye banda hili la gari.

Aliyelizima ni Bi Myrlie. Alitoka usiku na mpira wa maji huku akijua huenda aliyerusha bado yupo gizani.

Nyumba ni ya wawili

Jina rasmi la mahali hapa linawataja wote wawili, Medgar na Myrlie, na ukisikia mtu anasema nyumba ya Medgar Evers jua kwamba amekata nusu. Myrlie Beasley aliolewa na Medgar mkesha wa Krismasi wa 1951 na akawa mpiga chapa na msaidizi wake ofisini. Baada ya kifo cha mumewe alikaa mahakamani mwaka 1964 mbele ya wazee wa baraza 12, wote wanaume wazungu, ambao walishindwa kukubaliana. Kesi ikarudiwa mwaka huohuo, matokeo yakawa yaleyale. Mshtakiwa, Byron De La Beckwith, akarudi kwao akiwa huru. Bi Myrlie alihamia California na watoto, akasoma Pomona College, na akaendelea kuihifadhi nakala ya mwenendo wa kesi ya kwanza. Nakala hiyo ndiyo iliyosaidia kesi kufufuliwa. Februari 5, 1994 Beckwith alitiwa hatiani na kufungwa maisha, miaka 30 na zaidi baada ya tendo. Alifia kifungoni mwaka 2001. Mwaka 1995 Bi Myrlie akachaguliwa mwenyekiti wa NAACP.

Namwambia kila anayekwenda: ukiwa ndani ya nyumba, hesabu ni mara ngapi umemfikiria yeye. Jiko lilikuwa lake, mpira wa maji ulikuwa wake, na kesi ilikuwa yake.

Adabu za mtaani

Watu wanaishi katika nyumba za kushoto na kulia. Usiegeshe gari ukaziba njia ya mtu, usipige picha za nyumba zisizokuhusu, na usiwapige picha wazee waliokaa vibarazani bila ruhusa. Ukikutana na mtu, msalimie. Kusini mwa Marekani kumpita mtu kimya ni utovu wa adabu. Na unapomwita mtu mzima, tumia Bwana au Bibi, yaani Mr. au Mrs. na jina lake la ukoo, mpaka mwenyewe akwambie vinginevyo. Hili lina historia. Kwa miongo mingi wauza maduka wa Jackson waliwaita watu wazima weusi kwa majina ya kwanza, au wakawaita watoto, na mojawapo ya madai ya Medgar na wenzake walipoyasusia maduka ya Capitol Street lilikuwa kwamba wateja weusi waitwe kwa heshima. Mzee wa miaka 80 unayekutana naye huenda alikuwa kijana katika maandamano yale.

Ndani ya nyumba omba ruhusa kabla ya kupiga picha na usiguse samani. Video za kujipiga ukicheza au ukizungumza na wafuasi wako, ziache hadi utoke mtaani.

Kuhusu watoto, sioni sababu ya kuwazuia, ila usiwaachie mhifadhi kazi ya kuwaeleza. Mtoto wa miaka kumi ataelewa habari ya magodoro na hodhi kuliko wewe. Mdogo zaidi ya hapo, mweleze nyumbani kabla ya safari kwamba hapo ni nyumbani kwa watoto ambao baba yao aliuawa, na muuaji alikamatwa. Sehemu ya pili usiisahau, maana ndiyo watakayoiuliza usiku.

Baada ya hapo

Siku moja inatosha kwa nyumba na makumbusho ukianza mapema. Makumbusho yana kiingilio, yako North Street, na jengo lake limeungana na lile la Makumbusho ya Historia ya Mississippi. Usijaribu yote mawili kwa mchana mmoja. Kwenye upande wa haki za kiraia majina ya waliouawa na watu wenye hasira yameandikwa moja baada ya jingine, na huwezi kuyasoma kwa kukimbia.

Ukiwa na siku ya pili, pita John R. Lynch Street kulitazama jengo la Masonic Temple, lililokuwa na ofisi ya Medgar na ambako maelfu walikusanyika kumuaga Juni 15, 1963. Picha ya Bi Myrlie akimfariji Darrell Kenyatta kwenye mazishi ilikuwa jalada la jarida la Life mwishoni mwa mwezi huo. Itafute kabla ya safari. Farish Street, mtaa wa zamani wa biashara za watu weusi, umechakaa sana, lakini ukikuta Big Apple Inn iko wazi ingia ule. Ghorofani mwake Medgar aliwahi kuwa na ofisi. Tahadhari kwa Mwislamu na Msabato: kilichoipa jina ni mkate uliowekwa masikio ya nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza.

Mwenye gari na siku ya tatu aelekee kaskazini, saa mbili na zaidi hivi, hadi Sumner kwenye Delta. Mahakama walikoachiwa huru wauaji wa Emmett Till Septemba 1955 imekarabatiwa na ndani yake pameandaliwa kwa wageni. Upande wa pili wa barabara kuna kituo cha maelezo. Medgar alikuja maeneo haya akiwa amevaa kama kibarua wa mashamba ya pamba ili mashahidi waweze kuzungumza naye bila kuonekana. Jaza mafuta kabla ya kuondoka Jackson na beba chakula.

Kaburi lake haliko Mississippi. Kwa kuwa alikuwa mwanajeshi, alizikwa Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, Juni 19, 1963. Miezi mitano baadaye Kennedy akazikwa katika makaburi hayohayo, na mabasi ya watalii hupeleka karibu kila mtu kwa Kennedy. Shuka mapema, onyesha kitambulisho mlangoni, na uombe ramani ya kukufikisha sehemu ya 36.